Krimu za Kung'arisha Ngozi: Tumekariri Majina, Vipimo Vimetupita

Kanuni ya vipodozi ambayo Umoja wa Ulaya uliipitisha mwaka 2024, ile yenye namba 2024/996, imesomwa vibaya na pande zote mbili za mabishano ya kung'arisha ngozi. Wanaopinga krimu hizi wametangaza kwamba arbutini na asidi ya kojiki, viambato viwili vya kung'arisha, "zimepigwa marufuku". Wanaoziuza wameigeuza kuwa cheti: kiambato kimetajwa kwenye kanuni, basi ni salama, jipake upendavyo. Ukiisoma kanuni yenyewe unakuta jambo jingine kabisa. Alfa-arbutini imeruhusiwa hadi asilimia 2 kwenye krimu ya uso, lakini asilimia 0.5 tu kwenye losheni ya mwili. Asidi ya kojiki imeruhusiwa hadi asilimia 1, na ni kwa bidhaa za uso na mikono pekee. Retinoli, ambayo wengi huijua kwa makunyanzi kuliko kwa madoa, imepewa asilimia 0.3 usoni na 0.05 kwenye losheni ya mwili. Kitu ni kilekile, anayepaka ni yuleyule, na bado ukomo unashuka mara nne au mara sita kinapohama kutoka usoni kwenda mwili mzima. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Inatuambia kwamba usalama wa kiambato unategemea kiasi chake, ukubwa wa eneo linalopakwa, muda wa kupaka, na kama ngozi imekingwa dhidi ya jua. Mjadala wa kujichubua umekwama kwenye orodha za majina, na kukwama huko kunaumiza watu.

Tuanze na ngozi inavyofanya kazi, maana bila hapo hesabu zinazofuata hazitaeleweka. Rangi hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti, zilizokaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Ndani yake kimeng'enya cha tairosinesi, kinachohitaji madini ya shaba ili kifanye kazi, huanzisha utengenezaji wa melanini. Melanini hufungashwa kwenye vifuko vidogo, vifuko hupelekwa kwenye seli za jirani, na seli hizo hupanda taratibu hadi juu, ambako hubanduka zikiwa zimekufa. Safari hiyo huchukua takriban wiki 4 kwa kijana, na huzidi hapo umri unavyosonga. Idadi ya melanosaiti kwa watu weusi na weupe hukaribiana. Kinachotofautiana ni ukubwa wa vile vifuko, wingi wake na namna vinavyosambazwa. Sasa, kila kiambato hushika sehemu moja ya mnyororo huu. Haidrokwinoni, arbutini, kojiki, azelaiki na vitamini C hukibana kimeng'enya. Niasinamaidi ya asilimia 2 hadi 5 huzuia vifuko visihamie kwa jirani. Tretinoini na asidi ya glaikoli huharakisha kubanduka kwa seli zenye rangi. Rangi ikishazama kwenye tabaka la ndani, ambako doa huonekana la kijivu au la samawati badala ya kahawia, krimu nyingi hubaki kuhangaika juu juu, na doa huweza kukaa miaka. Kuna jambo ambalo matangazo hayalitaji: majaribio mengi ya maabara ya viambato hivi yalitumia tairosinesi ya uyoga kwa sababu hupatikana kirahisi, na ya binadamu haifanani nayo sana. Asidi ya kojiki ni mfano mzuri. Kwenye kimeng'enya cha uyoga ni kali. Kwenye cha binadamu ni dhaifu mara nyingi zaidi.

Nguvu ya vipimo inaonekana vizuri zaidi kwenye klobetasoli kuliko kwenye arbutini. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ni miongoni mwa steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi, zilizo kali kabisa za kupaka. Daktari huiandika kwa soriasisi au ukurutu sugu, kwenye eneo dogo, na masharti yake yanajulikana: isizidi wiki 2 mfululizo, na isizidi gramu 50 kwa wiki. Gramu 50 za krimu hiyo zina miligramu 25 za dawa yenyewe. Sasa tazama mkorogo. Mtu anakamua tyubu 2 za gramu 30 ndani ya losheni ya gramu 300, anakoroga, na anaamini ameipunguza makali. Kwa asilimia ni kweli, imeshuka kutoka 0.05 hadi kama 0.008. Lakini mwili wa mtu mzima hula karibu gramu 30 za losheni kwa kupaka mara moja. Akijipaka asubuhi na jioni, kopo zima la gramu 360 linaisha kwa siku 6, na kila siku amepitisha miligramu 5 za klobetasoli juu ya ngozi yake. Kwa wiki ni miligramu 35. Amevuka ukomo wa juu wa dawa kali kabisa, hana tarehe ya kuacha, na ngozi anayoipaka inazidi kuwa nyembamba na kupitisha dawa nyingi zaidi kila mwezi. Ndiyo maana maneno "nimechanganya na losheni, haina nguvu" ni kati ya maneno hatari zaidi katika biashara hii.

Steroidi hung'arisha haraka kwa sababu hubana mishipa midogo ya damu na kuzitia usingizi melanosaiti. Hiyo haikuwa kazi iliyokusudiwa. Ni madhara yake, yakauzwa kama faida. Yanayofuata huja kwa mpangilio unaotabirika: ngozi ya uso inang'aa na kuwa laini mno, mishipa myekundu inaanza kuonekana mashavuni, chunusi ndogo ndogo zinazofanana zinatoka kwa pamoja, nywele zinaongezeka kidevuni, mistari mipana inachanika mapajani, kwapani na nyuma ya magoti. Fangasi akipata nafasi, baka lake halikai tena kama duara linalotambulika. Linasambaa bila umbo, na hata mhudumu wa afya anaweza kulikosea. Dawa ikipenya ya kutosha, tezi zilizo juu ya figo zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili hupunguza kazi yake. Hapo tunazungumzia shinikizo la damu, sukari kupanda, uso kujaa na kuwa mviringo, na vidonda vinavyochelewa kupona.

Haidrokwinoni ina historia yenye funzo zuri zaidi, kwa sababu mwaka mmoja ulionyesha sura zake mbili. Mwaka 1975, madaktari wa ngozi Afrika Kusini walieleza ugonjwa wa okronosisi kwa watu waliokuwa wamejipaka krimu zenye haidrokwinoni kali: ngozi ya mashavu ilibadilika kuwa ya samawati-nyeusi, yenye chembe ngumu zilizotuna. Mwaka huohuo, nchini Marekani, watafiti Kligman na Willis walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1 na deksamethasoni asilimia 0.1 kama tiba ya mabaka. Toleo lake la kisasa, lenye haidrokwinoni asilimia 4, tretinoini asilimia 0.05 na fluosinoloni asilimia 0.01, liliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa melazma ya uso, yaani mabaka ya kahawia yanayotokea hasa mashavuni, na lilitolewa kama tiba ya muda mfupi, hadi wiki 8. Ukitazama kwa makini, mkorogo mwingi wa mitaani ni nakala ya fomula hiyo: kiyeyusha rangi, kitu cha kubandua, na steroidi ya kutuliza muwasho. Kilichoondolewa ni wiki 8, mipaka ya eneo, na sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua.

Sheria zilizofuata zilitofautiana, na tofauti hiyo huchukuliwa kama ushahidi kwamba wataalamu hawajui wanachosema. Afrika Kusini ilipunguza haidrokwinoni hadi asilimia 2 katika miaka ya 1980, kisha ikaiondoa kabisa kwenye vipodozi mwaka 1990. Umoja wa Ulaya uliitoa kwenye vipodozi vya kung'arisha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Marekani iliacha ya asilimia 2 iuzwe bila cheti cha daktari hadi mwaka 2020, sheria ya CARES ilipolifunga dirisha hilo. Ya asilimia 4 inaendelea kuandikwa na madaktari. Mimi naona zote zinakubaliana kwenye jambo moja: kitu hiki hakifai kuwekwa mkononi mwa mtu asiyesimamiwa. Kikisimamiwa, hupakwa juu ya doa lenyewe pekee, kwa miezi 3 hadi 4, na kama hakuna badiliko kinaachwa. Mtego wa okronosisi ni kwamba mwanzo wake hufanana na tatizo lililompeleka mtu dukani. Anaona mashavu yanaanza kuwa meusi, anadhani krimu imepungua nguvu, anaongeza. Kila anachoongeza ndicho kinachomchora.

Zebaki ni mfano usiofuata hoja yangu, na lazima niuseme wazi. Hapa hakuna kiasi cha kujadiliana. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulipoanza uliweka mpaka wa sehemu 1 kwa milioni kwa vipodozi, na mpaka huo ulitumiwa kama mwanya. Nchi wanachama zilipokutana Geneva mwaka 2023 zilikubaliana kuufuta, ili kipodozi chochote kilichoongezwa zebaki kiondoke sokoni ifikapo 2025. Sababu ni za kikemia. Zebaki huizuia shaba kufanya kazi yake ndani ya kimeng'enya, na kwa hilo rangi hufifia kweli. Lakini hujikusanya kwenye figo, na hutoa mvuke. Shuka, taulo na mito hubeba mabaki, na mtoto anayelala kitandani hapo anavuta hewa hiyo bila kuwahi kugusa kopo. Majina ya kutafuta kwenye lebo ni kalomeli, kloridi ya zebaki, iodidi ya zebaki na zebaki ya amonia. Kwa kuwa wengi hawaandiki, kuna alama nyingine isiyo ya kawaida: maelekezo yanayokutaka usiiache krimu iguse fedha, dhahabu, alumini au vito. Krimu ya kawaida haina ugomvi na pete.

Sasa hoja za pande mbili. Upande unaotaka kila kitu cha kung'arisha kipigwe marufuku una hoja nzito kuliko inavyokubaliwa. Unasema: mnatuambia tuhesabu asilimia, wakati kopo halina lebo, na lenye lebo linadanganya. Hesabu ya uongo haimlindi mtu. Hilo nalikubali, na maana yake ni kwamba bidhaa isiyoonyesha viambato kwa orodha kamili, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na mtengenezaji anayejulikana haiwezi kuhesabiwa, basi haiwezi kutumika. Lakini marufuku inayofuata jina ina udhaifu wake. Haidrokwinoni ikipata jina baya, steroidi inaingia mlango wa nyuma, na kopo linaandikwa kwa herufi kubwa "bila haidrokwinoni". Mnunuzi anafarijika kwa kitu kisichokuwepo, wala hajui kilichopo. Tena marufuku ya jumla inamkumba mgonjwa wa melazma na aliyebaki na madoa ya chunusi, watu ambao tiba yao ipo na inajulikana.

Kuna pia wanaosema ngozi ni ya mtu mwenyewe, aachwe achague. Ningekuwa nao, isipokuwa kuchagua kunahitaji kujua, na steroidi iliyofichwa imekwisha kumnyang'anya mtu uchaguzi kabla hajafungua kifuniko. Kwa zebaki hata hiyo hoja haifiki mbali, kwa kuwa mwanafamilia anayeathirika hakuulizwa. Wa tatu ni wale wanaojibu kila swali la madoa kwa hotuba ya kujikubali. Nia yao ni njema, na hakuna ngozi iliyo nyeusi kiasi cha kuhitaji matibabu. Tatizo ni kwamba hotuba hiyo huwaweka kapu moja anayetaka kubadilisha rangi ya mwili mzima na anayetaka doa la chunusi lifanane na shavu lililolizunguka. Wa pili akiona aibu, hatamwambia daktari alichojipaka, atanunua kwa siri, na kwa siri ndiko vipimo hupotea.

Hoja dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayouzika zaidi, ni ile ya "asilia". Ndimu ina pH (kipimo cha uchachu; namba ndogo ni uchachu mkali) ya karibu 2, wakati uso wa ngozi huwa kama 5. Juu ya hayo ina kemikali za furokumarini ambazo, zikipigwa na jua, huiunguza ngozi na kuacha mabaka meusi yenye umbo la mchirizi wa maji ya ndimu yalivyoshuka. Magadi ya kuokea yapo upande wa pili, pH zaidi ya 8, na huvuruga ukuta wa mafuta unaozuia ngozi kupoteza maji. Chumvi na sukari ya kusugulia huacha michubuko midogo isiyoonekana. Kisha mtu anajiuliza kwa nini weusi umeongezeka. Arbutini yenyewe hupatikana kwenye mimea na inaweza kuachia haidrokwinoni. Kojiki hutoka kwa fangasi. Zebaki huchimbwa ardhini. Asili ya kitu haijawahi kuwa kipimo cha usalama wake, na tatizo kubwa la ndimu ni lilelile la kopo lisilo na lebo: hakuna anayejua ni asilimia ngapi amejipaka.

Inayofuata kwa udhaifu ni hoja ya matokeo: "nimeng'aa ndani ya siku 5, kwa hiyo inafanya kazi." Rudi kwenye safari ya seli. Kama kilichozuiwa ni utengenezaji wa rangi mpya, rangi iliyokwisha kupakiwa inahitaji wiki kadhaa kubanduka. Mwili mzima ukibadilika kwa wiki moja, uwezekano ni mchache: tabaka la juu limeunguzwa likabanduka, au mishipa imebanwa na steroidi. Bidhaa halali ya madoa huanza kuonyesha tofauti kwenye wiki ya 8 na huhukumiwa kwenye wiki ya 12. Kasi inapaswa kumtia mtu wasiwasi. Sindano za glutathioni, kemikali ambayo mwili hujitengenezea, nazo huuzwa kwa ahadi hiyohiyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi, na ile ya Ufilipino imetoa tahadhari dhidi yake. Dawa inayopita kwenye mshipa haiwezi kuoshwa ikileta mzio.

Kama hoja ya vipimo ni sahihi, basi kitu cha kwanza kununuliwa na mtu mwenye madoa ni sanskrini, na hapa ndipo bajeti nyingi huharibika. Kutibu madoa bila kinga ya jua ni kudeki huku bomba linavuja. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili dhidi ya kuungua, na watu huishia hapo. Kuungua na kutengeneza rangi ni mambo mawili: ngozi yenye melanini nyingi ndiyo inayoitikia zaidi kwa kutoa weusi, tena si kwa miale ya urujuanimno pekee; mwanga unaoonekana kwa macho pia huisukuma. Sanskrini isiyo na rangi huzuia mwanga huo kidogo sana. Inayouzuia ni ile yenye oksidi za chuma, yaani sanskrini yenye rangi ya kahawia, na kwa mwenye melazma huo ni uchaguzi wenye maana kuliko kuhama kutoka SPF (kipimo cha kinga ya sanskrini) 30 kwenda 50. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza, na SPF 50 takriban 98. Namba hizo hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, na karibu kila mtu hupaka pungufu ya hapo. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili kwa urefu wote wa kidole cha shahada na cha kati. Itaonekana nyingi. Paka nusu, subiri ishike, paka nusu iliyobaki. Ukiwa nje, rudia kila saa 2 na uvae kofia yenye ukingo mpana. Kwa mwili mzima kipimo ni kama mililita 30; ndiyo maana nguo ya mikono mirefu ni nafuu na ya uhakika kuliko losheni.

Baada ya hapo, kiambato kimoja. Asubuhi: osha kwa sabuni laini, paka niasinamaidi ya asilimia 4 au 5, au vitamini C ya asilimia 10 hadi 20, kisha mafuta ya kulainisha, kisha sanskrini. Vitamini C ya aina ya asidi askobiki hufanya kazi kwenye pH ya chini ya 3.5 na huharibika haraka. Ikigeuka rangi ya chai, itupe, maana unachopaka ni mabaki. Usiku: asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 ndiyo ningeiweka mbele kwa watu wengi, kwani hupunguza chunusi na madoa yake kwa pamoja, na hutumika hata kwa mjamzito. Huwasha na kuchomachoma wiki za mwanzo. Retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A, mfano adapaleni ya asilimia 0.1, ni kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku 2 kwa wiki kwa wiki 2 za kwanza, kisha usiku mmoja upake na mwingine upumzike. Mjamzito au anayepanga mimba aiache. Kojiki ya asilimia 1 na alfa-arbutini ya asilimia 2 zinaweza kuingia baadaye kwa uso, mojawapo tu. Kila kitu kipya kipewe wiki 4 kabla hujaongeza kingine, na kabla ya kukipaka usoni kijaribiwe nyuma ya sikio kwa siku chache. Picha ya kulinganisha ipigwe dirisha lilelile, saa ileile. Kioo cha bafuni kinadanganya.

Kinachoharibika mara nyingi kwenye utaratibu huu ni pupa. Mtu anaweka glaikoli ya asilimia 10, juu yake tretinoini, na Jumamosi anajisugua kwa taulo gumu. Ngozi inawasha, inachubuka, inababuka. Kwenye ngozi nyeusi kila uvimbe, hata mdogo, huacha doa lake, na doa hilo huchukua miezi 6 hadi 12 kufifia. Kwa hiyo ametengeneza alichokuwa anakitibu. Ukihisi moto unaodumu zaidi ya dakika chache, au ngozi ikikaza na kupukutika, ondoa kila kiambato chenye kazi, bakiza sabuni laini, mafuta ya kulainisha na sanskrini hadi itulie. Kosa lingine ni kuchanganya krimu kwenye kopo moja ili kuokoa muda. Mbali na dawa kupotea hesabu, pH ya moja huua nyingine, na vihifadhi vilivyopimwa kwa fomula yake haviwezi tena kuzuia bakteria.

Halafu kuna weusi ambao hauhitaji krimu yoyote ya rangi. Shingo, kwapa au mapaja ya ndani yakiwa meusi na ngozi ikinenepa na kukunjamana, hiyo mara nyingi ni akantosisi, na kinachotakiwa ni kupimwa sukari. Mabaka yaliyotokea mashavuni na juu ya mdomo wakati wa ujauzito, au baada ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango, yana mkono wa homoni. Kubadili njia ya uzazi wa mpango baada ya kushauriana na daktari kunaweza kufanya kazi kuliko kopo. Kwapa jeusi la mtu anayenyoa kila siku na kupaka manukato yanayowasha litabaki hivyo hadi wembe na manukato vipumzike. Viungo vya vidole huwa vyeusi kwa kawaida. Viacheni.

Kwa aliyekwisha kutumia mkorogo kwa miezi au miaka, ushauri wa "acha leo" ni nusu sahihi. Kama kuna dalili za zebaki, aache leo kweli: kopo lifungwe kwenye mfuko unaobana, lisitupwe na taka za jikoni, mikono ioshwe, mashuka na taulo yatengwe, na yeye pamoja na walio nyumbani wapimwe mkojo. Mkojo wenye povu na miguu inayovimba ni taarifa kwamba figo zimeguswa. Kama ni steroidi kali iliyopakwa mwili mzima, kuacha ghafla kunaweza kuuangusha mwili ambao umesahau kutengeneza yake: uchovu mzito, kichefuchefu, kizunguzungu, shinikizo kushuka. Hapo daktari hupunguza kwa hatua, pengine kwa kuhamia kwenye steroidi dhaifu na kuachanisha siku. Uso utawaka na kuwa mwekundu kwa wiki au miezi, na watu wengi hurudi kwenye kopo wakati huo wakidhani wameugua kwa sababu ya kuacha. Waende na kopo lenyewe kliniki, hata kama halina jina. Na kama kuna upasuaji uliopangwa, daktari wa usingizi aambiwe kuhusu krimu hiyo kabla ya siku yenyewe, aulize asiulize.